Mazungumzo ya Michezo: Barua Iliyoizika Stanley

Wasomaji wapenda mpira, juma hili sitawaletea habari za timu kubwa. Timu zenye vikombe hazikosi watu wa kuzisifu. Nataka kuwaeleza habari za timu ya daraja la chini kabisa katika Ligi ya Uingereza, na msimu wake wa mwaka 1961 hadi 1962, ambao haukupata kumalizika. Jina la timu hiyo ni Accrington Stanley.

Mtu akitafuta jina hilo katika msimamo wa mwisho wa Divisheni ya Nne ya msimu ule, hatalipata. Ataona Millwall juu kabisa, na chini yake timu nyingine 22, basi. Timu zilizoanza zilikuwa 24. Stanley walicheza mechi 33, wakashinda 5, wakatoka sare 8, wakashindwa 20. Walifunga magoli 19 na kufungwa 60. Kazi yote hiyo, mvua na matope na safari za basi usiku, ilifutwa daftarini kana kwamba haikutendeka. Timu zilizowafunga zilinyang'anywa pointi zao, na washambuliaji waliopata magoli siku hizo wakapunguziwa hesabu yao. Hata yule aliyewashinda kwa haki alirudi mikono mitupu.

Ili tufahamu jambo hili yatupasa kwanza kuujua mji wenyewe. Accrington ni mji wa Lancashire, kaskazini ya Uingereza, na wakati ule ulikuwa na watu wapatao 40,000. Kazi zao zilikuwa kusuka nguo za pamba, kuunda mitambo ya viwandani, na kuchoma matofali mekundu yaliyosifiwa kwa ugumu wake. Wazee wetu waliovaa nguo zilizotoka Manchester walikuwa wakivaa kazi ya mikono ya miji kama huo. Mwaka 1888, Ligi ya Uingereza ilipoanzishwa na timu 12, timu moja kati yao ilitoka Accrington. Lakini angalieni, wasomaji, hiyo siyo Stanley. Hiyo ilikuwa timu nyingine iliyoitwa Accrington tu, iliyoondoka katika Ligi mwaka 1893. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, hata Waingereza wenyewe. Stanley ilianza mwaka 1891, ikapewa nafasi katika Ligi mwaka 1921, ilipoundwa Divisheni ya Tatu ya Kaskazini, ikakaa humo miaka mingi bila makuu na bila aibu.

Kisha ikaja ile miaka ya neema, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoleta maafa. Chini ya meneja wao Walter Galbraith walimaliza wa pili mwaka 1955, wa tatu mwaka 1956, wa tatu tena mwaka 1957, na wa pili mwaka 1958. Galbraith alikuwa Mskoti, naye alipenda kuwaleta wachezaji kutoka kwao, hata siku moja mwaka 1955 wachezaji wote 11 waliosimama uwanjani kwa Stanley walikuwa wamezaliwa Scotland. Hapo kabla jambo hilo halikuwa limetokea kwa timu yoyote ya Ligi ya Uingereza. Novemba 1954, timu ilipowasha taa zake za umeme za kuchezea usiku na kuwaalika jirani zao Blackburn Rovers, watu 17,634 waliingia katika kiwanja chao cha Peel Park. Fikirini jambo hilo: karibu nusu ya hesabu ya watu wa mji, wanawake na watoto wachanga wakiwamo.

Lakini sheria ya siku zile ilikuwa ngumu. Katika Divisheni ya Tatu ya Kaskazini timu moja tu ndiyo iliyopandishwa daraja kila mwaka. Mwaka 1955 mlango huo ulipitiwa na Barnsley, na mwaka 1958 ukapitiwa na Scunthorpe United. Stanley walifika mlangoni mara mbili wakaukuta umefungwa. Mtu aliyemaliza wa pili hakupata kitu isipokuwa sifa, na sifa hailipi mshahara. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika kwa kutazamia daraja ambalo halikuja. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sijui kama wapo waliolitimiza neno hilo kuliko kamati ya Peel Park.

Sasa nifike kwenye jambo la jukwaa, kwa maana hapa ndipo kila mkulima na kila karani atakapotikisa kichwa. Mwaka 1958 kamati ilisikia kwamba kuna jukwaa kubwa la watazamaji linauzwa huko Aldershot, mji wa askari upande wa kusini, lililokuwa likitumika katika maonyesho ya gwaride. Bei yake ilikuwa pauni 1,450 tu. Kwa jukwaa la ukubwa ule, bei hiyo ilikuwa kama bure. Wakalinunua. Ndipo wakaanza kuhesabu: kulibomoa, kulisafirisha maili zaidi ya 200, kuchimba msingi, kulisimamisha tena. Gharama zikapita pauni 10,000. Ni sawa na mtu wa Kisumu anayesikia kwamba paa la ghala linauzwa rahisi Mombasa, akatoa fedha papo hapo, asiulize nauli ya gari la moshi wala ujira wa mafundi. Tena jukwaa lenyewe lilikuwa limejengwa kwa kutazamia maandamano ya askari katika uwanja mpana, basi kwa kutazamia mpira halikufaa sana. Na liliposimama watazamaji walikuwa wameanza kupungua.

Kupungua huko hakukuwa kwa Accrington peke yake. Msimu wa 1948 hadi 1949, baada ya vita, tiketi zaidi ya milioni 41 zilikatwa katika viwanja vya Ligi ya Uingereza. Kufikia msimu huu tunaousema zilikuwa karibu milioni 28 tu. Televisheni ilikuwa imeingia nyumbani, motokaa imekuwa kitu cha mtu wa kawaida, na Jumamosi mchana watu walipata mambo mengine ya kufanya. Katika Lancashire mambo yalizidi ubaya kwa sababu viwanda vya pamba vilikuwa vinafungwa. Mwaka 1959 Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda ili wavunje mitambo yao ya zamani. Mtu aliyepoteza kazi ya kusuka nguo hawezi kulaumiwa akikosa shilingi za kiingilio.

Tena Accrington umezungukwa. Blackburn uko maili chache upande mmoja, na Burnley maili chache upande wa pili. Burnley ndio waliokuwa mabingwa wa Uingereza mwaka 1960, na katika msimu huu huu wa Stanley kufa, wao walimaliza wa pili katika Divisheni ya Kwanza na kufika fainali ya Kombe la FA, wakashindwa na Tottenham magoli 3 kwa 1. Mtu mwenye nauli ya basi mfukoni angeweza kuwaona mabingwa wa nchi siku ya Jumamosi, au kubaki Peel Park kuiona timu inayofungwa. Je, wewe msomaji ungefanya nini?

Kwa kuwa divisheni mbili za Kaskazini na Kusini zilipangwa upya mwaka 1958 kuwa Divisheni ya Tatu na ya Nne, Stanley walipata kuwa katika ile ya Tatu. Wakakaa humo miaka miwili. Katika msimu wa 1959 hadi 1960 walifungwa magoli 123, wakashuka. Wachezaji wazuri walikuwa wameuzwa au wameondoka. Na Januari 1961 sheria iliyosema mchezaji yeyote asilipwe zaidi ya pauni 20 kwa juma ikafutwa. Mara Johnny Haynes wa Fulham akaanza kupata pauni 100 kwa juma. Kwa haki ya wachezaji lilikuwa jambo jema, na mimi siwezi kulisema vibaya, kwa maana mfanyakazi astahili ujira wake. Lakini kwa timu iliyokuwa ikitafuta fedha ya kununulia sabuni ya kufulia jezi, habari hiyo ilikuwa kama kusikia bei ya ng'ombe wa gredi imepanda wakati wewe umekwisha kuuza hata kamba ya kumfungia.

Basi msimu wa 1961 ukaanza. Sioni haja ya kuueleza mechi kwa mechi, kwani timu iliyoshinda mara 5 kati ya mara 33 haina mengi ya kusimuliwa. Ilitosha kwamba kila Jumamosi walipatikana watu 11 wa kuvaa jezi nyekundu wakaingia uwanjani. Tarehe 24 Februari 1962 walicheza nyumbani na Rochdale wakafungwa 2 kwa 0, mbele ya watu wasiotimia 3,000, katika kiwanja kile kile kilichokuwa kimejaa watu zaidi ya 17,000. Wale waliokuwapo hawakujua kwamba wanaitazama mechi ya mwisho ya Ligi katika Peel Park. Ijumaa ya tarehe 2 Machi wakaenda Crewe wakafungwa 4 kwa 0. Hiyo ndiyo ya mwisho kabisa.

Wakati huo deni lilikuwa limepita pauni 60,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili kwa hesabu ya siku zile. Baadhi ya wadai walikuwa timu nyingine ambazo Stanley walichukua wachezaji wao bila kumaliza kulipa, na jambo hilo Ligi haikuweza kulifumbia macho. Kamati ikamwita Bwana Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, mtu aliyepata utajiri kwa kuuza nyama na aliyesifika kwa maneno makali, aje awape shauri. Alizitazama hesabu, na shauri lake lilikuwa kwamba hakuna tumaini. Wapo waliomnung'unikia, wakasema jirani tajiri hakosi faida mwenzake akifa. Mimi nadhani daftari la hesabu lilikuwa limekwisha kusema hayo kabla yake. Mtu wa nje alitumiwa tu kulisoma kwa sauti.

Ndipo ikaandikwa barua. Bwana Sam Pilkington, mwenyekiti wa Stanley, aliiandikia Ligi mapema katika mwezi ule wa Machi kuieleza kwamba timu inajiuzulu. Sisi tunaoshika kalamu maofisini twajua barua ni kitu gani. Neno la mdomo laweza kusahihishwa, hata la hasira. Mtu husema, “Sikukusudia hivyo,” na mambo yakapita. Lakini barua ikishatiwa sahihi, ikapokelewa, ikapigwa muhuri wa tarehe na kuwekwa katika faili, hiyo imekuwa mtu mwingine, nayo haikutambui tena wewe uliyeiandika. Mara baada ya barua kwenda, ahadi za msaada zikatokea. Watu wa mji wakaona aibu, wengine wakaahidi fedha. Pilkington akaiomba Ligi airudishe barua ile, timu imalize angalau msimu wake.

Katibu wa Ligi alikuwa Bwana Alan Hardaker, mtu wa sheria asiyependa kuzungushwa. Jibu likawa kwamba timu imejiuzulu, na kujiuzulu kwake kumekubaliwa. Kabla ya mwezi wa Machi kufika mwisho, Stanley haikuwa tena katika Ligi ambayo ilikuwa imeitumikia tangu 1921.

Nimelifikiri sana jambo hili. Kwa sheria Hardaker alikuwa na haki, na afisa anayepinda kanuni kwa kuwahurumia wanaolia leo atawakuta wengine mlangoni kesho. Timu nyingine za daraja lile zilikuwa zikilipa madeni yao kwa shida, na wao walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini Stanley wasamehewe. Hata hivyo naona kulikuwa na pungufu. Zilikuwa zimebaki mechi 13 tu. Ligi ingaliweza kuwaambia wamalize mechi hizo bila kuruhusiwa kununua mchezaji hata mmoja, kisha mwezi wa Mei wajibu mbele ya mkutano wa timu zote. Hakuna ambaye angalipungukiwa kitu, na wale wachezaji wangalipata kumaliza kazi waliyoianza. Waingereza wenyewe walikuja kuona hivyo baadaye, kwani kuanzia msimu wa 2004 hadi 2005 timu ya Ligi iliyoshindwa na madeni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi ilikatwa pointi 10, baadaye zikawa 12, lakini ikaachwa icheze. Adhabu ilikuwapo, lakini jina la timu halikufutwa. Sheria hiyo ilikuja miaka zaidi ya 40 baada ya Stanley kuihitaji.

Wachezaji wakatawanyika. Mmoja wao, Mike Ferguson, kijana mwepesi wa miguu, alichukuliwa na Blackburn Rovers akaendelea vizuri. Na Les Cocker, aliyekuwa amechezea Stanley katika ile miaka mizuri, alikuja kuwa mmoja wa waalimu waliokuwa na timu ya Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Stanley wenyewe walijaribu kucheza katika ligi ndogo ya Lancashire, lakini mapema mwaka 1966 wakaacha kabisa. Majira ya kiangazi mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikishangilia kombe, na Peel Park kulikuwa kimya. Baadaye majukwaa yalibomolewa, pakabaki majani.

Nafasi yao katika Ligi walipewa Oxford United, timu iliyokuwa ikiitwa Headington United hata mwaka 1960. Hao nao hawakuiharibu nafasi waliyopewa: walipanda ngazi moja baada ya nyingine hata wakafika Divisheni ya Kwanza mwaka 1985, na mwaka 1986 wakatwaa Kombe la Ligi. Kwa upande mwingine, kuna jambo la ajabu kidogo. Baada ya Stanley, miaka 30 ilipita bila timu nyingine ya Ligi kufa katikati ya msimu. Ile iliyofuata, Machi 1992, ilikuwa ya mji wa Aldershot, kule kule lilikotoka lile jukwaa.

Mwaka 1968 watu wa Accrington walikutana wakaunda timu mpya, wakaiita kwa jina lile lile la Stanley. Ulikuwa mwaka ule ule ambao kwetu Kenya iliundwa Gor Mahia. Hawakuwa na kiwanja cha zamani, hawakuwa na wachezaji, na hawakuwa na nafasi katika Ligi. Walianza chini kabisa, wakicheza na timu za vijiji na za viwanda, na tangu mwaka 1970 wakacheza katika kiwanja kinachoitwa Crown Ground. Mwaka 1989 tangazo moja la maziwa katika televisheni lililitaja jina lao kwa mzaha, na Waingereza wengi wakacheka. Watu wa Accrington walicheka pia, kwa sababu angalau jina lilikuwa limetajwa. Chini ya mwenyekiti Eric Whalley na meneja John Coleman walipanda polepole, daraja baada ya daraja, wakitunza senti, wala hawakununua majukwaa ya watu.

Aprili 2006, miaka 44 baada ya ile barua, walitwaa ubingwa wa ligi iliyo chini ya Ligi yenyewe, na hivyo wakarudi mahali walipoondolewa. Kila mwaka timu mbili zilipanda na mbili zikashuka. Mojawapo ya zile zilizoshuka mwaka huo, kuwapisha, ilikuwa Oxford United.